Mpiga Nanga Mbele ya Jitu

Kwa Baba, nyumbani Bweranyange.

Shikamoo Baba. Na wewe Mama shikamoo, maana najua umeshavuta kigoda karibu yake unamwambia asome kwa sauti. Mmeamkaje huko? Goti la Mama limetulia, au bado linatangaza mvua kabla ya mawingu? Na ule mnyauko ulioingia kwenye migomba ya jirani, umeishia kwake au umevuka ukaja kibanjani kwetu? Mkinijibu, jibuni hayo kabla ya mengine yote, kwa sababu huku natandika kitanda cha mzee wa watu lakini kichwani nahesabu migomba.

Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika taratibu ili mlisome taratibu. Najua simu ile niliikata nikilia, na najua Mama hakula vizuri baada ya hapo, kaka Jovin aliniambia. Basi nianze na lililo kubwa, msije mkasoma barua yote roho mkononi: sirudi. Kile chumba ambacho Mama ameanza kukisiriba upya, akisiribe tu, watalala wageni. Nabaki huku, na nabaki kwa moyo mweupe, siyo kwa kujikaza.

Nimeona niandike kwa sababu, Baba, bila kukukosea heshima, wewe na simu hamjawahi kupatana. Unaishika mbali na mdomo, unaita kwa nguvu, "Kemi, unanisikia?" Nakusikia, ila wewe husikii kwamba nakusikia, na tunaendelea hivyo mpaka salio linakata. Haya ninayotaka kueleza leo ni marefu na yana vituko ndani yake, hayaelezeki kwa haloo. Kuna dada mmoja wa Bukoba ninayesali naye huku, anakuja likizo. Ataiacha barua kwa shangazi pale Ndama, pamoja na kifurushi kidogo. Habari ya kifurushi nitaisema mwisho, Mama asianze kukifungua sasa hivi.

Turudi kwenye ile simu. Nilikwambia nimechoka na nataka kurudi. Msimamizi wangu hapa kwenye nyumba ya wazee alikuwa ameniambia kwamba muda wangu wa majaribio unakwisha, nimpe jibu kama naendelea au naondoka. Ukaniuliza kama kazi imenishinda. Nikasema hapana, kazi naiweza. Kuogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza wasipate vidonda, kuwachana nywele, hayo yote niliyafanya kwa Bibi mpaka akatutoka. Nikasema ni watu. Kisha ukasema: "Kazi ikikushinda, rudi. Watu wakikushinda, ngoja kidogo, maana watu wapo hata huku."

Nilikasirika, Baba, sitakuficha. Nilisema moyoni, mzee huyu amekaa na ndugu zake pande zote nne za kibanja, akikohoa tu watu watatu wanakuja kuuliza, atajuaje? Huku Ujerumani mtu hakuchukii, hapana. Hakuoni tu. Unapanda ngazi na jirani yako, anakusalimu vizuri, mlango wake unafungwa, kwisha habari. Chumba cha chai kazini wanacheka, na mimi nacheka baada yao, nimechelewa, kwa sababu utani umenifikia wakati wenyewe wameshahamia jambo jingine. Na lugha yao, waitu! Kila kitu kina jinsia. Meza ni mwanaume, taa ni mwanamke, na msichana, ambaye kila mtu anamwona kwa macho kwamba ni msichana, si huyu wala si yule. Nikaogopa kukosea. Nikawa nanyamaza. Wakanizoea hivyo, wakawa wananisifu kwa wageni kwamba mimi ni mtulivu. Mama asicheke. Najua nyumbani mlikuwa mnaniambia niache maneno nimenye ndizi.

Sasa kuna mwanamke anaitwa Heike, ndiye mpishi wetu pale kazini. Ni mama wa makamo, mabega mapana, sauti ya kuita mtu kutoka bonde la pili. Siku moja alinikuta nakula peke yangu, akasimama mbele yangu na mwiko wake, akaniambia kwamba Jumamosi mchana nyumbani kwake wanacheza, niende. Hakuuliza kama napenda. Alisema niende, akarudi jikoni. Nikadhani ni karata. Nikavaa kitenge changu kizuri, kile cha Pasaka, nikaenda.

Haikuwa karata. Mezani walikuwa watatu: Heike mwenyewe, mumewe Uwe ambaye ni fundi baiskeli, na Farid, muuguzi wa kazini kwetu, kijana wa Siria asiyezungumza sana. Walikuwa na karatasi, penseli, sahani ya keki, na dadu za ajabu, zina pande nyingi, siyo zile za ludo. Nikaelezwa. Ni mchezo wa hadithi, Baba. Uwe ndiye anayesimulia. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo, na mtu huyo anafanya kile unachosema wewe. Uwe anasema, mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje? Mmoja anasema naogelea, mwingine anasema nakata mti. Likiwa jambo la mashaka, unarusha dadu, nayo inakwambia umefanikiwa au umeumia. Watu wazima, Baba, wana ndevu, wana mkopo wa nyumba, wamekaa Jumamosi nzima wanavuka mto ambao haupo. Nilitaka kuondoka.

Lakini Heike alikuwa ameshanikatia keki. Na Uwe akaniambia kwa upole kwamba kwanza nichague mtu wangu awe mtu wa kazi gani.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Wote watatu walinishauri niwe mpiganaji. Mgeni huanza na mpiganaji, walisema, maana ana ngao, ana upanga, zamu yako ikifika unasema "napiga" na umemaliza. Heike ndiye mpiganaji wao na alikuwa tayari tusimame wawili mbele. Nikafikiri: nimetoka Bweranyange mpaka hapa kuja kusema neno moja? Farid akasema basi niwe mganga, yule anayewaponya wenzake wakijeruhiwa, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Nikamwambia nimegeuza wagonjwa wiki nzima, Jumamosi yangu sitaki kumgusa mgonjwa hata wa kubuni. Wakacheka, Baba. Wakacheka mimi nikiwa ndiye niliyesema, na kwa mara ya kwanza nikacheka nao kwa wakati.

Kulikuwa na mwizi, mtu wa kunyata na kufungua makufuli. Walisema ni kazi ya raha kuliko zote. Nikakuona wewe kanisani, umekaa kiti cha mbele na wazee wenzako, nikapita. Kulikuwa na mchawi. Hapo usishtuke wala usimwite mchungaji. Ni neno la hadithini tu, maana yake mtu aliyesoma vitabu vingi, akisema jambo linatokea. Hiyo ni kazi ya Farid, na Farid ni mtu wa sala kuliko mimi. Hata hivyo sikuichukua. Kuna majina ambayo mtoto wa kwetu hajipi mwenyewe hata kwa mchezo.

Uwe akawa anakunja karatasi yake. Nikamwuliza kama kazi zimekwisha. Akasita, akasema ipo moja, ila hampi mgeni. Ni mwimbaji. Anatembea na ala yake, anajua visa vya mashujaa wa zamani. Ngao hana, na kisu chake ni cha kumenyea matunda. Akiimba, wenzake wanapata nguvu. Akisema vizuri, adui anaweza akashusha silaha. Inafurahisha kuliko zote, Uwe akasema, na ni ngumu kuliko zote, kwa sababu wengine wakishindwa wanajificha nyuma ya dadu. Huyu hana pa kujificha. Kila mlango, kila mlinzi, kila mfalme, wenzake watamsukuma mbele wamwambie, sema wewe. Na atasema kwa Kijerumani.

Mtu huyo namjua, Baba. Ni Babu. Ni Babu na nanga yake ya nyuzi magotini kwenye harusi ya shangazi, anaimba watu waliokufa zamani mpaka unageuka kuangalia kama hawajasimama mlangoni. Wale wajomba waliokuja wamenuniana, si walimaliza wimbo wanatazama chini, kisha mmoja akamsogezea mwenzake kiti? Babu alikuwa na mkuki gani? Hata jogoo wa nyumbani kwake alikuwa anamfukuza. Lakini akishika nanga, nani alithubutu kunong'ona?

Nikasema nataka huyo. Farid akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Jina la mtu wangu nikaandika Mpiga Nanga, nikawafundisha kulitamka, na Heike mpaka leo anasema "nanka".

Nikajuta upesi sana. Jumamosi iliyofuata tulifika kwenye lango la mji, mlinzi akauliza tunataka nini, na wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Kijerumani, Baba, kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo unaanza safari bila kujua utafika wapi. Nilianza nikakwama, nikaanza tena nikakwama. Na wao wakangoja. Hakuna aliyenimalizia sentensi. Kazini wote wananimalizia sentensi kwa wema wao, na kila wakinimalizia mimi nazidi kufunga mdomo. Hawa wakakaa kimya wakiniangalia, na mimi nikaona ni ukatili. Mlinzi akatufukuza, tukalala nje na mvua, mvua ya hadithini lakini nilisikia baridi. Jumamosi nyingine nikamkosea mfanyabiashara, akatuachilia mbwa. Heike alitobolewa mguu kwa ajili ya mdomo wangu. Alisema haidhuru. Mimi nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba mpumbavu huchagua mzigo asioweza kuubeba, ningechukua upanga nikanyamaza kama watu wazima walivyonishauri. Wiki hiyo ndiyo niliyokupigia simu nikilia.

Uliniambia ningoje kidogo. Nikasema sawa, nitangoja mpaka Jumamosi, kwa sababu siyo adabu kula keki za watu halafu upotee bila kuaga. Nitakwenda, tutacheza, chai ikija nitawaambia kwamba narudi nyumbani. Jumatatu nitamwambia msimamizi. Nilikuwa nimeshaamua, Baba. Sanduku langu nilikuwa nimelishusha kutoka juu ya kabati.

Siku hiyo hadithi ilikuwa imefika kwa jitu. Jitu hilo limekaa kwenye pango juu ya chemchemi ya kijiji, watu wanakufa kwa kiu. Nyuma yake lina sanduku la dhahabu, na sanduku hilo Heike na Farid walikuwa wanalitafuta tangu kabla mimi sijafika. Kulipiga haiwezekani, wengi walijaribu, mifupa yao iko mlangoni. Kwa hiyo wakapanga hivi: Farid atatia dawa ya usingizi kwenye chungu cha pombe, dawa kali kabisa, ya kuangusha kitu kikubwa kuliko nyumba. Mtu wa kawaida akionja tone, huenda asiamke. Na chungu atakibeba nani? Mwenye mdomo. Mpiga Nanga aingie peke yake, aongee, ampe.

Nikaingia. Na nikuambie jambo, sikuogopa. Mtu aliyekwisha kuaga moyoni haogopi kukosea. Uwe akanguruma, wewe nani? Nikakumbuka kwamba hata jitu liko nyumbani kwake. Nikalisalimu. Nikaliuliza limeamkaje, watoto hawajambo, wazazi je, mifugo je, na hapa linakaa peke yake au na ndugu? Uwe alikodoa macho. Tangu aanze kusimulia mchezo huo hakuna aliyewahi kuuliza habari za nyumbani kwa jitu, ilibidi azitunge pale pale. Akasema mama yake amekufa. Nikampa pole kwa mama, na pole hiyo nikaitoa yote, haikupungua kitu. Akasema ndugu zake wote walihama, na wanaofika pale wanafika na mikuki. Kitenzi nikakiweka mwanzoni mwa sentensi, mwisho, popote, sikujali, na jitu lilinielewa. Heike ananikanyaga mguu chini ya meza kwamba mpe pombe, mpe. Nikamwambia kwa Kinyambo angoje, salamu hazijakwisha. Kisha nikaimba kipande cha Babu, kile cha mwindaji, hakuna aliyeelewa hata neno moja na hakuna aliyegusa keki.

Uwe akasema jitu limeweka rungu chini. Linakitazama chungu. Halinyooshi mkono.

Nami, Baba, bila kufikiri chochote, nikasema: "Naonja kwanza, halafu nampa kwa mikono miwili."

Farid akajishika kichwa. Heike akaniambia polepole, kama anavyowaambia wazee wetu, kwamba ndani mna dawa. Uwe akaweka dadu chini akasema mimi bado mgeni, naruhusiwa kurudisha neno langu.

Nilikuwa nimesahau dawa kabisa. Nilimkumbuka mwenyeji, nikakumbuka pombe, dawa ikaniponyoka. Lakini nani wa kwetu angefanya vingine? Tangu niweze kubeba kibuyu bila kumwaga ulinifundisha kwamba kinachokwenda kwa mtu kinapita kwanza kwenye mdomo wa anayetoa. Rubisi unaonja, ndipo mgeni anywe. Hata kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, mwenye nyumba anachukua punje yake kwanza ndipo kikapu kizunguke. Wewe mwenyewe pombe uliiacha ulipokuwa mzee wa kanisa, ila wageni wakija ndimi zote za ukoo zinajua kwamba Baba ataonja, na kuonja kwako Mama anakufahamu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, Baba. Hata mchezoni ulikwenda wenyewe.

Nikamtazama Uwe, nikakumbuka alichokuwa ametuambia mwanzoni kabisa na hatukukitilia maanani: kwamba jitu lilishaletewa vyungu vingi, na vyote lilivimwaga. Si kwa kuwa halinywi. Ni kwa kuwa hakuna aliyewahi kunywa nalo. Nikirudisha neno langu, litamwaga na hiki.

Nikasema sirudishi. Nimeonja.

Nikarusha dadu, ikatoka namba ndogo ya aibu. Uwe akasimulia: Mpiga Nanga anatabasamu, anakabidhi chungu kwa mikono miwili, miguu yake inaisha nguvu. Jitu linakunywa chungu chote. Wanaanguka pamoja. Na jitu lilipoanguka likavunja nguzo za pango, mawe yakaanza kushuka. Heike na Farid wakakimbilia ndani. Uwe akamwambia mkewe kwamba ana nafasi moja tu kabla pango halijafunga. Mkono wa kulia sanduku la dhahabu, mkono wa kushoto mimi nimelala chini, na vyote viwili haviwezi. Akamkumbusha kwamba sanduku likifukiwa halitaonekana tena.

Heike hakugusa hata dadu. "Namchukua Mpiga Nanga," akasema. Uwe akauliza kama amefikiria vizuri. Heike akamtazama kwa jicho lile analotutazama tukiuliza chakula kitaiva lini. "Nimesema namchukua. Simwachi mtu wangu."

Farid akatumia chupa yake ya mwisho ya uponyaji, ambayo alikuwa anaitunza kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa mchawi wao ni dhaifu mno. Dadu ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Uwe akasema, anapumua.

Nililia, Baba. Nililia mezani kwa watu, na kilio hicho si ndugu wa kile cha kwenye simu. Heike alidhani nalilia dhahabu, akawa ananipigapiga mgongoni akisema watatafuta nyingine. Ni mchezo, najua ni mchezo, karatasi na penseli. Lakini kile walichosema walikisema na midomo yao wenyewe, na hawakujua kwamba sanduku langu la nguo liko sakafuni linasubiri.

Wakaniuliza kwa nini nilionja. Nikawaeleza. Nikawaeleza kuhusu wewe, na Babu, na vibuyu, na akamwani, nikachanganya jinsia zote za Kijerumani, nadhani hata mgomba niliuoza mume. Hawakunimalizia sentensi hata moja, na safari hii nikaona kwamba haukuwa ukatili. Farid ambaye hajawahi kusema habari za kwao akasema kwamba baba yake alipokuwa akipokea wageni alikuwa anakunywa kikombe cha kwanza cha kahawa yeye mwenyewe. Akasema hivyo tu, akainama kuokota penseli isiyoanguka. Tukamwacha.

Chai ikaja. Nikasafisha koo ili niwaage kama nilivyopanga. Nikafungua mdomo, na nikajisikia nauliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Jumatatu nilimwambia msimamizi kwamba naendelea. Alisema "vizuri", akarudi kwenye kazi yake, ndivyo walivyo. Mimi nilikwenda kwenye bafu la wafanyakazi nikapiga magoti nikashukuru, maana nilijisikia mwepesi mno. Tangu hapo naongea kazini. Naongea vibaya na naongea sana. Chumba cha chai wananisubiri nimalize, kwa kuwa Heike amewatangazia wote kwamba nikiachwa nimalize kuna kitu kinakuja. Yule bibi wa chumba cha mwisho, ambaye alikuwa akinisifu kwa utulivu, juzi ameniomba nirudishe utulivu wangu kidogo wakati wa taarifa ya habari. Kwa hiyo Mama sasa anaweza kucheka.

Na mchezoni bado mimi ni Mpiga Nanga. Uwe aliniuliza kama sasa ningependa kubadili, nichukue kazi nyepesi, baada ya kufa nusu. Nikamwambia hiyo nyepesi amgawie anayeitaka.

Uliniambia ningoje kidogo, Baba. Nilingoja kwa hasira, lakini nilingoja. Umesema kweli, watu wapo. Nilikuwa sijawaona tu kama wao walivyokuwa hawajaniona mimi.

Nisalimieni kaka Jovin na mkewe kule Kamuli, waambieni kahawa wasivune mbichi kwa haraka ya kulipwa. Shikamoo nyingi kwa shangazi wa Ndama, ambaye barua imelala kwake, na namshukuru kwa kutoifungua, kama hakuifungua. Mwalimu wa kwaya mwambieni sauti yangu ya pili bado ipo, nitakuja nayo likizo. Jirani yetu mwenye migomba inayonyauka mpeni pole, na mkimpelekea machipukizi mapya mseme ni salamu zangu. Mkipata mtu wa kuja huku, niwekeeni akamwani kidogo kwenye kitambaa. Nataka kuizungusha pale mezani Jumamosi.

Sasa kifurushi. Mama, fungua. Ni biskuti za tangawizi, Heike amezioka mwenyewe aliposikia nawaandikia. Alisema ni kwa ajili ya mzee aliyenifundisha kuonja. Mtakuta karatasi imeshafunguliwa na biskuti moja haipo. Shangazi asimshuku dada wa watu aliyezileta, na Mama usimtazame Jovin.

Ni mimi, Tata, Baba yangu. Nimeonja kwanza.

Mtoto wenu,
Kemilembe